Subaru ya turbo ya zamani: dalili, vyanzo na maamuzi kabla ya kutoa pesa

Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua Subaru ya turbo ambayo imeshakula miaka: Impreza WRX au STI ya umbo la GC8 (1992 hadi 2000) au GD (2000 hadi 2007), Forester SG5 na SG9, au Legacy GT ya BL5 na BP5 (2003 hadi 2009). Zote zinatumia injini za ukoo mmoja, EJ, zenye silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto. EJ205 utaikuta kwenye WRX za baadaye na Forester SG5, EJ207 kwenye STI za baadaye za lita 2, EJ20X au EJ20Y kwenye Legacy GT, na EJ255 ya lita 2.5 kwenye Forester STI ya SG9. Kwa kuwa ni ndugu, maradhi yao yanafanana.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zile unazozikuta sokoni Nairobi au Mombasa zimeshapita mikono kadhaa hapa hapa. Dar es Salaam na Arusha hali haiko mbali na hiyo. Maana yake ni kwamba unanunua matunzo ya mwenye gari wa mwisho kuliko unavyonunua jina la gari. Injini ya EJ iliyobadilishiwa oili kwa wakati na kunyweshwa petroli nzuri hufika mbali sana. Iliyoendeshwa na oili pungufu kwa mwezi mmoja tu inaweza kuwa imeshakufa na bado inawaka vizuri.

Sharti langu la kwanza halina mjadala: gari ulione likiwa baridi kabisa, kisha ulione likiwa moto kabisa, siku hiyo hiyo. Maradhi mabaya ya injini hizi hujificha katika mojawapo ya hali hizo mbili. Mwambie muuzaji mapema, kwa heshima: "Kaka, naomba usiliwashe leo mpaka nifike." Ukifika, weka kiganja juu ya boneti, kisha uguse injini yenyewe. Kama ni vuguvugu, rudi siku nyingine asubuhi. Muuzaji muungwana hatakasirika, na dalali anayekuambia "tulilisogeza kidogo tu" amekupa habari uliyoihitaji.

Kabla ya kuzungusha ufunguo

Likiwa bado baridi, chomoa kijiti cha oili. Kijiti cha EJ husumbua kusomeka kwa sababu oili hujipaka kwenye bomba lake, ndiyo maana kipimo cha kuaminika ni cha asubuhi, gari likiwa mahali tambarare. Futa, rudisha, chomoa tena, soma pande zote mbili na uamini upande unaoonyesha kidogo. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita moja. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, jiulize gari limetembea hivyo kwa muda gani. Injini hii ikikosa lita moja na dereva akakata kona kali kwenye mzunguko, pampu inaweza kuvuta hewa badala ya oili, na wa kwanza kuumia ni beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kuu ya injini.

Fungua kifuniko cha tangi dogo la maji lililo juu ya injini, karibu na turbo. Hili hufunguliwa baridi tu, kamwe si moto. Maji yawe yamejaa na yawe na rangi ya kuleanti (maji maalumu ya kupozea injini), kijani au buluu. Ukikuta maji matupu ya bomba yenye kutu, mwenye gari alikuwa anaongeza maji kila mara, na hakuna anayeongeza maji kila mara bila sababu. Ukikuta ute wa mafuta ukielea, oili na maji vimeonana mahali fulani.

Kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, na izime baada ya injini kushika. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imezibwa, na aliyefanya hivyo alikuwa na jambo la kuficha.

Injini inagonga

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa sababu mlio mmoja huwatisha bure na mwingine huwapita bila kusikika. Liwashe, zima redio, fungua boneti, usikilize kwa utulivu mpaka mshale wa joto ufike katikati.

Mlio mzito kidogo, wa tok tok, unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia kadiri inavyopata joto, kwa kawaida ni pistoni kupiga ukuta wa silinda. Pistoni za EJ ni fupi, na zikiwa baridi huwa na nafasi. Ukitoweka ndani ya dakika chache, na injini hailambi oili, huo si ugonjwa wa kuua dili.

Mlio mkali wa tiki tiki upande wa chini, unaopanda kasi pamoja na injini, mara nyingi ni ekzosi inayovuja kwenye manifodi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) au kwenye bomba linalopanda kwenda turbo. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa, kwa hiyo nao unaweza kutoweka. Tofauti yake ni masizi meusi kwenye maungio na harufu ya moshi chini ya boneti. Ni kazi ya kuchomelea au kubadilisha gasketi. Wakati mwingine si hata hilo: ni bati la kukinga joto lililolegea kwa kutu, linalotetema kwenye mzunguko fulani tu wa injini. Ligonge kidogo kwa mpini wa bisibisi injini ikiwa imezimwa, utalisikia.

Mlio wa kukwaruza mbele ya injini, sekunde chache baada ya kuwasha, mtuhumu kikaza taimingi belti. Kifaa chenyewe ni bei nafuu ukilinganisha na kinachofuata kikishindwa: belti ikiruka au kukatika, valvu na pistoni hukutana na valvu hupinda. Belti hii huhesabiwa kilomita 100,000. Kwa gari lililotoka Japani, tafuta stika ndogo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, ambayo gereji za kule hubandika zikibadilisha belti au oili. Huandikwa kilomita na mwaka, na mwaka mara nyingi ni wa hesabu ya Heisei, enzi ya mfalme wa Japani: jumlisha 1988. Heisei 25 ni 2013. Stika hiyo hiyo itakusaidia kujua kama kilomita za dashibodi zimerudishwa nyuma, maana kilomita za stika haziwezi kuzidi zinazosomeka leo.

Sasa mlio wa nne, ambao ndio watu huuliza "imenoki?" Huu ni wa beringi ya konrodi. Unafanya kinyume cha ule wa kwanza: injini ikiwa baridi na oili nzito, unaweza usiusikie kabisa. Oili ikilainika kwa joto, unajitokeza. Ndiyo maana muuzaji mjanja atakuwashia baridi dakika mbili, akazima, akasema twende tukanywe chai. Endesha gari mpaka lipate joto hasa, simama, pandisha injini taratibu hadi mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika, kisha achia pedali polepole. Sikiliza wakati inashuka. Kugonga kwa chuma kwa chuma, kuzito, kunakofuata mizunguko ya injini, ni konrodi. Fundi anaweza kuthibitisha kwa kuchomoa waya wa nozeli (kifaa kinachonyunyiza petroli kwenye silinda) moja moja: akiondoa kazi kwenye silinda yenye ugonjwa, mlio hubadilika au kupungua.

Ukisikia hivyo, ondoka. Usishawishike na punguzo la bei. Beringi ikisagika, vumbi lake la chuma husambaa kwenye mishipa yote ya oili: pampu, turbo, kipoza oili, kamu. Kubadilisha beringi pekee na kuacha vumbi hilo ndani ni kuahirisha kifo cha injini kwa miezi michache. Kama muuzaji amekubali oili ibadilishwe mbele yako, kateni chujio la zamani na mfungue karatasi yake juani. Vichembe vinavyometameta havina maelezo mazuri.

Moshi

Mweupe mwepesi asubuhi yenye baridi, unaokatika injini ikipata joto, ni mvuke tu. Mweupe mzito wenye harufu tamu, usiokatika, ni kuleanti inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa: bomba la hewa lililochomoka, sensa ya hewa iliyochafuka, au valvu ya kupumulia turbo iliyobadilishwa ili itoe hewa nje kwa kishindo. Kompyuta ya gari ilishaihesabu hewa hiyo na kuipangia petroli, kwa hiyo ikimwagwa nje, petroli inabaki bila mwenza.

Wa buluu unahitaji uangalifu. Acha gari likiwa moto lingurume taratibu dakika kama tano, kisha kanyaga mara moja huku mwenzako akiangalia nyuma. Wingu la buluu linalotoka mara moja na kukatika huelekeza kwenye sili za turbo au za valvu. Moshi wa buluu unaoendelea gari likiwa linavuta kwa nguvu barabarani huelekeza kwenye ringi na pistoni, na hapo unahitaji vipimo vinavyofuata.

Inamisi, au inakosa nguvu, au "imebadilishwa plagi juzi tu"

Kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka sawasawa, kunaweza kuwa plagi, koili au nozeli, na hayo ni matengenezo ya kawaida. Ila kwenye EJ ya turbo kuna chanzo kimoja ninachokihofia kuliko vingine: pistoni kupasuka kwenye ule ukuta mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili.

Hutokeaje? Injini za STI na Legacy GT zilipangwa kiwandani kwa petroli bora ya Japani, ambayo huuzwa kwa okteni ya karibu 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu iko chini ya hapo. Mchanganyiko ukibanwa na turbo katika joto kali, huripuka wenyewe kabla ya zamu yake, na ripuko hilo hupiga pistoni wakati bado inapanda. Kwa sikio ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, gari likiwa linavuta mzigo kwenye gia ya juu. Kompyuta hujitahidi kurudisha nyuma muda wa kuwasha cheche, lakini mtu akiongeza presha ya turbo kwa kifaa cha bei rahisi, au akawekewa programu isiyolingana na petroli anayotumia, ulinzi huo hautoshi. Pistoni za kiwandani za nyingi ya injini hizi ni ngumu lakini hazivumilii vipigo vya namna hiyo. Kinachoumia mara nyingi ni silinda namba 4, ile ya nyuma kushoto ukiwa umekaa kwenye kiti.

Dalili zake ni hizi: injini inatetemeka ikinguruma taratibu, inakula oili, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa moto inakupumulia usoni kwa nguvu. Pumzi kidogo ni kawaida. Pumzi inayorusha matone ya oili si kawaida. Angalia pia mabomba yanayoingia kwenye intakula, kipoza hewa ya turbo: utando mwembamba wa oili ni jambo la kawaida kwa turbo yoyote, kidimbwi sicho.

Kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana, hakiepukiki. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, zimebanana na fremu, kwa hiyo fundi atataka muda na malipo yake. Mlipe. Injini iwe na joto, plagi zote nne zitolewe, pedali ya petroli ikanyagwe mpaka chini, betri iwe na nguvu. Vitabu vya matengenezo vya injini hizi hutaja kiasi cha psi 140 hadi 170. Hapa kuna jambo ambalo huwapotosha wanunuzi wa nyanda za juu: tarakimu hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na hewa yake ina kama asilimia 82 tu ya kanieneo la Mombasa. Injini nzima kabisa itasoma huko kati ya psi 115 na 140. Usikimbie gari zima kwa sababu hiyo, na usidanganywe na gari la Dar linalosoma 115 ukaambiwa "ni sawa tu, hata la rafiki yangu Nairobi linasoma hivyo". La msingi ni silinda zote nne zifanane. Moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi, kuna jambo.

Lakini kompresheni pekee haitoshi kwa ugonjwa huu. Pistoni iliyopasuka hupitisha oili juu, oili ile huziba nafasi kwa muda, na geji inasoma vizuri. Kipimo kinachoumbua ni kile cha kusukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, kisha kuangalia hewa inayopotea na kusikiliza inatokea wapi. Ikivuma kwenye bomba la kijiti cha oili, ni ringi au pistoni. Ikitokea kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Ikirudi kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Mapovu yakipanda kwenye tangi la maji, ni gasketi ya hedi. Injini yenye afya hupoteza chini ya asilimia kumi. Ikivuka ishirini kwenye silinda moja, unanunua injini ya kufunguliwa, na bei iongee hivyo.

Linachemsha, ila si kila siku

"Halichemshi mjini." Sentensi hii naisikia sana, na inaweza kuwa kweli kabisa. Gasketi ya hedi ya EJ inapoanza kushindwa, injini isiyo na mzigo haionyeshi kitu. Gesi ya mwako hupenya kwenye maji pale presha ya ndani inapokuwa kubwa, yaani turbo ikisukuma kwa muda mrefu mlimani: Kitonga kwa watu wa Iringa, au kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Gesi ile hujikusanya, husukuma maji kwenye chupa ya akiba iliyo karibu na rejeta, na mshale wa joto hupanda ghafla. Ukipunguza mwendo unashuka. Mwenye gari anabadilisha thamostati, kisha kifuniko, kisha rejeta, kisha anauza gari.

Kwa hiyo jaribio la barabarani liwe na mlima wa kweli. Ukirudi, usifungue tangi. Angalia chupa ya akiba huku injini ikinguruma: povu moja moja baada ya kuwasha si hoja, lakini mfululizo wa mapovu madogo yasiyoisha, yanayoongezeka ukikanyaga, ni gesi ya silinda. Nusa chupa hiyo, ikitoa harufu ya moshi wa ekzosi umepata jibu. Gereji zenye vifaa zina kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa tangi na kugeuka njano kikikutana na gesi ya mwako. Ni kipimo cha dakika chache, na kimeokoa wengi.

Mapovu yasipokuwepo, na bado linapanda joto, tafuta mambo mepesi: feni moja haizunguki, rejeta imeziba, hewa imebaki ndani baada ya maji kubadilishwa vibaya. EJ hushika hewa kwa urahisi ikijazwa haraka.

Turbo

Mluzi mwembamba wa turbo ni wa kawaida. Kilio cha king'ora kinachopanda na kushuka ni vipande vya feni vinavyogusa nyumba yake, au beringi iliyochoka. Intakula hutoka kwa boliti chache tu, na fundi akiitoa, pamoja na bomba la kuingizia hewa kwenye turbo, anaweza kushika ncha ya shafti ya turbo kwa vidole. Kucheza kidogo sana pembeni kunaruhusiwa, kucheza kwa kuvuta na kusukuma hakuruhusiwi.

Kwenye injini zenye kamu za kujirekebisha, hasa Legacy GT na Forester, bomba linalopeleka oili kwa turbo lina boliti yenye tundu, na ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu. Oili isiyobadilishwa hukiziba, na turbo hufa kwa kiu wakati geji ya oili haionyeshi kosa lolote. Ukiambiwa "turbo ni mpya", uliza ile ya kwanza ilikufa kwa nini na kama kichujio hiki kilisafishwa. Asiyejua jibu atakuwa amefunga turbo mpya kwenye bomba lile lile.

Legacy za kabla ya 2003, zile za turbo mbili, zina nguvu inayolegea katikati, turbo ya pili inapoingia. Hilo ni umbile lake. Ila likikaa muda mrefu au nguvu zisirudi, ni mabomba ya vakyumu, na yako mengi mno. Binafsi simshauri mtu kununua hizo kama hana fundi anayezijua.

Halafu kuna ngurumo. Wengi huipenda Subaru kwa ule mdundo wa kupishana, unaotokana na mabomba ya manifodi yenye urefu usiolingana. Legacy GT ya BP5 iliyotoka Japani ina mabomba ya urefu sawa na haidundi hivyo. Ukiisikia inadunda, manifodi imebadilishwa, na uulize kilichobadilishwa pamoja nayo.

Giaboksi, difu na matairi

Manyuali ya gia tano kwenye WRX na Forester ndiyo sehemu inayovunjika mapema gari likiongezwa nguvu. Sikiliza mlio wa kulia kwenye gia ya pili, ya tatu na ya nne, na uone kama ya pili inakwaruza ukiingiza haraka. Ya gia sita kwenye STI za GD ni imara mno. Klachi ijaribu kwenye gia ya nne: ukiwa mizunguko 2,000 kanyaga pedali ya petroli mpaka chini, na kama injini inapanda bila mwendo kupanda, klachi imekwisha.

Kisha tafuta uwanja mkavu wenye lami, kata usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole sana. Gari likijivuta na kusita kama limeshikwa breki, na matairi yakilia, difu ya kati au klachi ya kugawa nguvu imekamata. STI zenye kitufe cha kurekebisha difu ya kati zijaribiwe kikiwa kimeachiwa kabisa. Kwa baadhi ya otomatiki za gia nne kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD ndani ya boneti: weka fyuzi, taa yake iwake, rudia mzunguko. Kukamata kukiisha, sahani za klachi zinaachia, tafuta chanzo kwenye matairi au udhibiti. Kukibaki, tatizo liko ndani ya mkia wa giaboksi.

Chanzo cha haya yote mara nyingi ni matairi. Subaru hutaka mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya milimita 6. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi, uandike. Gari lenye tairi mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma limekuwa likisaga difu yake kila kilomita.

Chini ya gari mambo ni ya kawaida: beringi za magurudumu ya nyuma zinazovuma kadiri mwendo unavyopanda, bushi za mikono ya mbele, ulegevu wa stabilaiza. Forester ya SG iliyoinama nyuma huenda ina shokapu zinazojiinua zenyewe zilizokufa, na wengi huzibadilisha kwa za kawaida pamoja na springi zake. Kutu itafute kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na pale shokapu za nyuma zinapofungwa juu, hasa kwa gari lililokaa pwani au lililotoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Kompyuta inajua mengi

Kabla ya kufurahia kwamba hakuna kosa lililohifadhiwa, angalia kama vipimo vya ndani vya kujichunguza vimekamilika. Vikiwa vyote havijakamilika, makosa yamefutwa hivi karibuni au betri imechomolewa. Kosa la kumisi huanza na P030 na tarakimu ya mwisho hutaja silinda: P0304 ni ile ya nne, na sasa unajua kwa nini nitasimama hapo.

Mwenye kebo na programu ya RomRaider, ambayo ni ya bure, anaweza kusoma zaidi. Kompyuta ya Subaru huweka namba inayoonyesha imani yake juu ya petroli na injini: kwenye za zamani kidogo ni 16 kati ya 16, kwenye za baadaye ni 1 kamili. Ikiwa imeshuka, gari limekuwa likisikia ripuko zile za wakati mbaya na kujirudisha nyuma. Muuzaji akisema ameweka programu ya kuongeza nguvu, aliyeiandika awe fundi anayeweza kupigiwa simu na kueleza alilipima kwa petroli gani.

Namba na karatasi

Namba ya injini imegongwa juu ya bloku, karibu na inapoungana na giaboksi. Safisha kwa kitambaa, soma, ulinganishe na logbook Kenya au kadi ya usajili Tanzania. Injini za EJ hubadilishwa sana, na kubadilisha si dhambi, mradi karatasi zimefuata na unajua iliyowekwa ni ipi. WRX yenye maandishi ya STI nyuma na EJ ya Legacy isiyo ya turbo iliyofungiwa turbo nimezitaja kwa sababu zipo. Kenya, fanya upekuzi wa rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone kama gari limeandikwa kwa jina la pamoja na benki. Ukionyeshwa karatasi ya mnada wa Japani, daraja la R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa.

Ukishakubaliana na bei

Usiliendeshe kwa fujo wiki ya kwanza. Badilisha oili na chujio, weka sintetiki ya 5W-30 au 5W-40 kama kitabu kinavyosema, na uendelee kubadilisha kila kilomita 5,000. Kama hakuna ushahidi wa taimingi belti, ibadilishe pamoja na kikaza, puli zake na pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Safisha au badilisha kile kichujio cha boliti ya turbo. Badilisha oili ya giaboksi na ya difu. Kisha kila unapojaza petroli, pima oili asubuhi inayofuata kabla ya kuwasha, uandike kilomita na kiwango kwenye daftari. Baada ya kilomita elfu moja utajua injini yako inakula kiasi gani, na kuanzia hapo badiliko lolote utaliona kabla halijawa mlio.